Mfuko wa Mabawa

Jumamosi ya pili ya Novemba, saa mbili asubuhi, Annet alikuwa ameketi kwenye kigoda uani kwake Mkolani, Mwanza, akimalizia kunyonyoa senene. Walikuwa wamekuja na basi kutoka Muleba na kupokelewa stendi ya Buzuruga, ndoo mbili zilizofunikwa kwa neti. Kazi yenyewe haina ujanja. Unamshika senene, unang'oa mabawa, unang'oa miguu, unamtia kwenye beseni, unamshika mwingine. Alikuwa ameianza jana yake baada ya chai. Vidole vyake vilikuwa vya kijani hadi ndani ya kucha, na mgongo ulikuwa umekataa kunyooka. Mabawa na miguu aliyatia kwenye mfuko wa sandarusi, apewe jirani kwa ajili ya kuku wake.

Nyumba ilijengwa na mumewe, Venant Mutayoba, fundi umeme, kwa miaka tisa ya kuunga tofali moja moja. Venant alikufa kwa presha miaka minne iliyopita. Kaka yake mkubwa, Mzee Projest, mkaguzi wa shule mstaafu, alikuja kwenye msiba na begi moja. Matanga yakaisha, watu wakaondoka, yeye akabaki ili asaidie. Alisaidia kulala chumba kikubwa, kwa kuwa godoro la chumba cha wageni lilimuumiza kiuno. Alisaidia kuvaa makoti ya marehemu, kwa kuwa nondo wangeyatafuna bure. Kikao cha ukoo kikakaa Muleba na kumteua msimamizi wa mirathi, na hati ya nyumba ikaingia kwenye mkoba wake wa ngozi wenye kufuli la namba. Annet akahamia stoo ya uani, alimokuwa akiweka mkaa. Binti yake wa pekee, Noela, aliyekuwa anafundisha Sengerema, hakutajwa kwenye muhtasari wa kikao kwa sababu ni binti.

Kila mwaka Annet aliomba hati, na kila mwaka alijibiwa kwamba baada ya senene. Baada ya senene huja Krismasi, baada ya Krismasi watoto wanarudi shule, halafu inaingia Kwaresima, na Projest aliona ni aibu Mkristo kuzungumzia mali wakati wa Kwaresima. Lakini mwaka huu alikuwa ametamka kwa mdomo wake, mbele ya jiko: senene hawa wakifika salama ninakokwenda, Jumatatu tunakwenda kwa wakili. Annet alimwamini. Hakuwa na mtu mwingine wa kumwamini mwenye hati ile.

Alikokuwa anakwenda Projest ni kwenye hekalu la Wahindu, mjini. Alikuwa mjumbe wa Kamati ya Maelewano ya Dini, kamati ya watu watano, na kiti cha mwenyekiti kilikuwa wazi. Alikitaka kiti hicho kiasi cha kukosa usingizi. Yeye ndiye aliyependekeza ziara, na yeye ndiye aliyejitangaza kuwa mtaalamu wa mahekalu, kwa sababu mwaka 1994 alipelekwa Uingereza kwa kozi ya wiki tatu katika mji wa Leicester, na siku moja mchana wenyeji wake wakamwingiza kwenye hekalu la Wahindu kwa dakika arobaini. Dakika hizo amezisimulia kwa miaka thelathini. Amezisimulia kwenye harusi, kwenye ubatizo, na mara moja makaburini kabla jeneza halijashuka. Ukizichuja unabaki na mambo mawili: kwamba sakafu ilikuwa baridi, na kwamba mwenyeji alimwambia Mungu hupewa kile ambacho mtoaji anakiona bora kuliko vyote. Jina la hekalu hakulikumbuka, wala la mwenyeji. Alikumbuka alama tu, maana kila alichokiona duniani alikipa alama juu ya kumi. Leicester ilipata nane.

Sasa, kwa Mhaya kilicho bora kuliko vyote ni senene, hakina mjadala, na hapo hata mimi nampa Projest haki yake. Desturi ya zamani ilitaka mwanamke awakamate senene, awanyonyoe, awakaange, na asionje. Huko Kagera kwenyewe desturi hiyo imekwisha, wanawake wanakula senene mbele ya waume zao na wanaomba nyongeza, lakini Projest aliitunza hapo Mkolani kwa sababu ilimfaa.

Annet aliwakaanga kwa mafuta yao wenyewe, akaweka kitunguu na chumvi, akawapakua kwenye hotipoti yenye maua mekundu aliyopewa kwenye harusi yake. Kisha akapiga kiwi viatu. Vilikuwa viatu vyeusi vya ngozi, vya kamba, ambavyo Venant alinunua kwa ajili ya harusi hiyo hiyo na kuvichoma herufi V na M chini ya ulimi kwa ncha ya pasi ya risasi, ile ya kuunganishia nyaya. Siku ya mazishi Projest alisema ngozi ya namna ile haifukiwi, na Venant akazikwa na soksi.

"Shikamoo shemeji," alisema Annet, akimkabidhi hotipoti.

"Marahaba. Chumvi umeweka?"

"Nimeweka. Jumatatu ile ile, shemeji?"

"Nimeshasema," alisema Projest, akavaa koti la kijivu la Venant na kuondoka na viatu vya Venant.

Hekalu liko mtaa wa nyuma, katikati ya duka la vipuri na duka la vitambaa, na juu ya paa lake kulikuwa na makorongo wanne wamesimama kama kawaida yao. Wajumbe walivua viatu mlangoni na kuvipanga kwenye rafu. Kengele ya shaba ilining'inia kwenye kizingiti, na kila mmoja aliigonga mara moja kabla ya kuingia, kama walivyoelekezwa na mlinzi wa hekalu, Mzee Jayantilal. Huyu alizaliwa Mwanza, baba yake pia alizaliwa Mwanza, na aliwasalimia wageni kwa Kisukuma.

"Mwangaluka," alisema.

Projest alidhani ni Kihindi. Aliunganisha viganja, akainama na kujibu "Namaste" kwa sauti ya mtu aliyetembea. Dorcas, katibu wa kamati, ambaye ni Msukuma wa Magu, alitazama daftari lake.

Ndani sakafu ilikuwa ya marumaru, baridi kweli. Miungu walisimama nyuma ya reli wamevalishwa hariri, taa ya samli ikiwaka mbele yao, na wanawake wawili walikuwa wanatunga shada la maua ya njano. Projest alitoa hotuba kuhusu Leicester. Alipoifikisha dakika ya arobaini alifungua hotipoti mbele ya reli na kusema, "Nimewaletea kilicho bora kuliko vyote."

Mzee Jayantilal alichungulia. Hakukasirika. Aliuliza kwa upole, "Mzee wangu, hawa walikuwa hai?"

"Walikuwa hai, ndiyo. Wa Muleba."

"Basi itabidi mngoje kidogo. Humu ndani huwa wanarudi. Mwaka juzi mama mmoja aliingia na sato kwenye kikapu, ametoka sokoni, amesahau tu. Tulihangaika kutafuta ndoo."

Walingoja. Haikuchukua hata dakika tano. Senene walianza kubadilika kutoka rangi ya kahawia kwenda kijani, kuanzia wale wa juu, na harufu ya kitunguu ikapungua. Wakawa hai wote, ila hawakuwa na mabawa wala miguu, na hawakuweza kufanya lolote zaidi ya kujigeuzageuza ndani ya hotipoti. Dorcas aliandika saa. Mjumbe mmoja alirudisha mfukoni kijiko alichokuwa amekwishakitoa.

"Kila anayerudi humu hutoka na chake," alieleza Mzee Jayantilal. "Yule sato alitoka na maji. Hawa wanataka mabawa yao na miguu yao. Viko wapi?"

"Viko kwa mwanamke wa nyumbani," alisema Projest.

"Basi aje yeye aliyevitoa. Mwingine hataweza kujua kipi ni cha nani."

Projest alimpigia Annet simu.

"Lete yale mabawa."

"Mabawa gani, shemeji?"

"Ya senene. Wamefufuka."

"Wote?"

"Wote. Fanya haraka, watu wamekaa."

Annet alimkuta jirani ameshaufungua mfuko lakini kuku bado hawajaanza. Alifika hekaluni saa tano, akavua kandambili, akagonga kengele. Projest alimwonyesha kwa kidole akae pembeni ya mlango, chini. Mzee Jayantilal akamletea kiti na meza ndogo, taa ya mezani, na chai ya tangawizi, akamwambia, "Karibu mama, pole na kazi." Annet alibaki ameshika kikombe kwa muda. Kwa miaka minne hakuna mtu aliyempa pole kwa kazi.

Alianza. Kila senene alikuwa na mabawa yake mwenyewe, na Annet aliyatambua, kwa kuwa alikuwa amewashika mmoja mmoja. Akiliweka bawa mahali pake lilishika. Akikosea lilining'inia upande hadi alitoe. Aliyekamilika alitambaa hadi ukingo wa meza na kusubiri wenzake. Projest alikuwa ameketi upande wa pili pamoja na wajumbe, wanakula tamutamu za unga na maziwa zilizotoka kubarikiwa. Alizipa sita. Joto lilipomzidi alivua koti la kijivu na kulitundika kwenye kiti kilichokuwa kando ya Annet.

Saa sita na robo koti lilikuwa na Venant ndani yake. Alikaa akiwa ameinama kidogo, mikono magotini, amevaa soksi za kijivu alizozikwa nazo, ya kushoto ikiwa na tundu kwenye kidole gumba. Kwanza alimsalimia kaka yake, kama alivyolelewa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba," alisema Projest, mdomo umejaa.

Venant akamgeukia mkewe. "Mama Noela. Umekonda."

"Ni kazi," alisema Annet. "Nishikie hawa waliobaki na mguu mmoja."

Venant alivuta kiti karibu na meza. Vidole vyake vilikuwa vya fundi, vilizoea vitu vidogo, na kazi ikaenda upesi zaidi. Walizungumza kwa sauti ya chini. Annet alimweleza habari za Noela, za stoo, za mkaa, za hati. Hakulia. Alikuwa na furaha kiasi kwamba mara mbili aliweka bawa la kulia kushoto. Venant alipomaliza kusikia aliinuka na kusimama mbele ya kaka yake.

"Kaka, waitu," alisema, kwa neno la heshima la Kihaya, "ile nyumba nilimjengea Annet. Naomba umpe hati yake."

"Jambo hilo lina utaratibu," alisema Projest. "Kikao cha ukoo kilikaa. Muhtasari upo."

"Kilikaa mimi sipo."

"Ndiyo maana kilikaa."

Wajumbe walitazama sakafu. Dorcas aliinua kalamu na kuuliza, "Niandike, mzee?"

"Marehemu si mjumbe wa kamati hii," alisema Projest. "Andika kwamba alisalimia."

Dorcas aliandika hivyo. Ana watoto watatu na diploma, na aliandika hivyo hivyo.

Kabla ya saa kumi senene wa mwisho alipata mguu wake wa sita. Walianza kuimba, wote, sauti ikajaa chini ya paa kiasi cha taa kutikisika, kisha wakatoka mlangoni kwa pamoja, wakapita chini ya kengele, wakawazunguka makorongo mara moja na kuelekea ziwani, upande wa Bukoba. Makorongo hawakujishughulisha nao.

"Na huyu bwana naye anaweza kwenda nyumbani," alisema Mzee Jayantilal, akimwonyesha Venant. "Anatoka na viatu vyake. Vyake mwenyewe lakini. Vya kuazima havimfikishi."

Venant alikuwa ameshafika kizingitini. Aliitazama rafu na kuviona mara moja.

"Vile vyeusi vya kamba," alisema.

Annet alivishusha. Akafungua kamba, akainua ulimi, akamwonyesha Mzee Jayantilal na Dorcas ile V na ile M. Projest alivaa koti lake, yaani lile la kijivu, ambalo Venant alikuwa ameliacha kitini, na akaja mlangoni bila haraka. Akanyoosha mkono. Annet hakumpa.

"Shemeji, nakuomba. Nyumba kaa nayo leo. Mwache tu atembee."

Sijui kama mtu anaweza kuomba kidogo kuliko hapo. Projest alifikiri. Usoni ilionekana wazi alichokuwa anakifikiri: kwamba mtu akitembea kwa miguu yake hadi Mkolani, kesho yake atatembea hadi kwa wakili. Akavichukua viatu mikononi mwa Annet, akaketi kwenye ngazi, akavivaa, akafunga kamba kwa mafundo mawili.

"Viatu ni mali ya mirathi," alisema, "na mirathi bado iko chini ya msimamizi."

Kisha ikapigwa picha ya kumbukumbu kwa simu ya mjumbe mmoja. Mpigaji alisimama nje na wao wakajipanga mlangoni. Projest yuko katikati amekunja mikono. Venant ni wa pili kutoka kushoto, upande wa ndani wa kizingiti, na soksi zinaonekana vizuri. Hekalu lilipata tisa.

"Twende," Projest alimwambia Annet, "hotipoti inataka kuoshwa."

Jumatatu Annet alivaa gauni la kanisani na kukaa uani tangu saa moja. Saa nne Projest alitoka na gazeti. Alipokumbushwa wakili alieleza kwa utulivu, kama anayemwelewesha mwanafunzi mzito, kwamba ahadi ilikuwa senene wakifika salama. Hawa hawakufika, waliondoka. Wako Muleba kwa sasa, na ni wazima kuliko walivyokuja. Annet alirudi stoo, akavua gauni, akalia mchana kutwa.

Alhamisi kamati ilikaa, na Projest akachaguliwa mwenyekiti kwa kura nne kati ya tano. Taarifa ilisema ziara ilifana na kwamba chini ya uongozi wake kumetokea ufufuo mmoja wa binadamu na wa senene wasiopungua elfu moja. Dorcas alisoma muhtasari hadi kipengele cha sita, marehemu alisalimia, na muhtasari ukathibitishwa.

Tangu hapo Projest havai tena vile viatu. Amevifungia kwenye mkoba pamoja na hati, na mkoba analala nao. Viatu vyake vya zamani vilishaliwa na panya, na kununua vingine anaona ni kukiri jambo fulani, kwa hiyo anakwenda misani na kandambili za bafuni. Padri alimtaja kwenye mahubiri kuwa mfano wa unyenyekevu. Mzee Jayantilal alifunga safari hadi Mkolani kumwomba, akapewa chai, na ziara yake ikapata saba. Wakili aliyefuatwa na Annet peke yake alisema kesi ni nyepesi kabisa, marehemu afike tu ofisini mwenyewe na kitambulisho. Noela alikuja kutoka Sengerema kumwamkia baba yake na kumletea viatu vipya. Venant alivivaa, akavuka kizingiti, na viatu vikabaki kwenye ngazi huku yeye amesimama ndani na soksi zake. Amepewa kazi ya kurekebisha nyaya za hekalu, ambazo zilikuwa katika hali mbaya.

Novemba hii Projest ameleta tena ndoo mbili za senene. Amesema ni za kuliwa nyumbani, hekaluni hapana. Annet amewanyonyoa kwa siku moja na nusu. Jirani alipokuja kwa ajili ya kuku wake aliambiwa awape mahindi, kwa sababu mabawa siku hizi hayatoki. Yako stoo chini ya kitanda, kwenye mfuko wa sandarusi uliofungwa mdomo.

Kila Jumamosi akishaosha vyombo vya mchana, Annet huchota konzi moja ya senene waliokaangwa, hufunga kwenye pindo la kitenge, huchukua mfuko wake na kwenda mjini. Yeye na Venant hukaa kwenye ile meza ndogo, wakiwarudishia senene walichonyang'anywa, mmoja mmoja, wakiongea. Wakimaliza wanawaachia mlangoni. Saa kumi na moja Annet huvaa kandambili zake, maana shemeji hula saa moja kamili na chakula kikichelewa hukipa nne. Venant humsindikiza hadi kizingitini.